Kipimo cha Mkono

Nyuzi arubaini chini ya sifuri, Inuvik,
na Lorna anafagia theluji kwenye madishi
kwa ufagio wa plastiki ulioanza kung'oka meno.
Dishi la nne lina mazoea ya kuganda shingo.
Analipiga kofi kama anayemwamsha mlevi,
nalo linageuka, linalalama, linaitafuta setilaiti
inayochomoza sasa hivi na haitakaa:
dakika nne, tano ikiwa na huruma,
kisha itazama, na mwenziye ashike zamu.

Nimelelewa nikiambiwa penye nia pana njia.
Hakuna aliyeniambia kuwa njia yenyewe hukimbia
kilomita saba na nusu kwa kila sekunde,
kwamba daraja huondoka mguu wako ukiwa hewani
na daraja jingine, Mungu akipenda, huwa limeshafika.
Preethi, anayezipanga njia hizo katika chumba chenye joto,
huchora ramani inayochakaa kabla ya wino kukauka.
"Hatuulizi njia iko wapi," anasema, akimenya chungwa.
"Tunauliza itakuwa wapi."

Mchana, kama giza lile la samawati ni mchana,
simu inatetemeka ndani ya koti la Lorna.
Ni mama yake, Effie, kisiwani Ulukhaktok,
ng'ambo ya bahari iliyoganda:
"Panik, binti yangu, nimepata sufu ya ng'ombe wa miski.
Glavu za mwaka jana zilikubana, ukanyamaza.
Weka mkono juu ya karatasi, uchore, nitumie."

Basi anazivua hizo zilizombana,
anatandaza kiganja nyuma ya fomu ya matengenezo.
Kalamu imeganda; anaipasha moto kwapani.
Anauzunguka mkono wake kama mtoto wa chekechea:
gumba, shahada, kati, pete, cha mwisho,
na kile kifundo kilichovimba
tangu pikipiki ya theluji ilipompindukia mwezi Machi,
jambo ambalo mama hajaambiwa.
Anapiga picha. Anatuma.

Sasa mkono unakatwa vipande.
Hakuna damu. Kila kipande kinapewa namba na anwani,
kinateremka kusini kwa waya, karibu kilomita elfu mbili,
hadi ghala la mashine mjini Edmonton,
kinaandikishwa huko na mtu asiye mtu,
kisha kinarudishwa kulekule kilikotoka,
Inuvik, uani, dishi la nne,
ambako mwenye mkono anafagia, naye hana habari
kwamba vidole vyake vinampita kichwani.

Gumba linadandia setilaiti inayozama.
Shahada na kati vinaikosa, vinapanda inayofuata.
Huko juu hakuna waya. Leza inaruka
kutoka chombo hadi chombo, kimya,
kila kimoja kikisoma anwani tu, bila kuuliza
mkono ni wa nani, una baridi kiasi gani,
na kukitupia jirani aliye karibu na Effie kwa sasa,
kwa sasa hivi, si kwa baadaye.

Kipande cha thelathini na moja kinapotea.
Pengine ni wingu zito la theluji, pengine zamu zilipishana.
Kisanduku juu ya paa la Effie kinahesabu,
kinaona pengo, kinaomba tena.
Effie ameshavaa miwani. Anaona mkono wa mwanawe
ukijijaza kwenye kioo, mstari kwa mstari,
na mahali pamoja peupe, katikati ya kidole cha pete.

Kisha pakajaa.

Effie anakitazama kile kifundo
muda mrefu kuliko setilaiti mbili.

Inuvik, simu inatetemeka tena.
Lorna anaifungua akiwa tayari na uongo wake,
ameupanga vizuri, una hata jina la daktari.

"Nitaongeza mishono mitatu hapo," mama ameandika.
Basi. Hakuna swali.

Lorna anasimama na ufagio.
Dishi la nne limeganda tena.
Safari hii halipigi. Analishika shingoni
kwa mkono ule mtupu, uliovimba,
analigeuza taratibu kuelekea mashariki.